Gololi Haitulii Katikati: Tafuta Chanzo Kabla ya Kukanyaga

Chini ya kionyesha mgeuko, yaani geji ambayo mshale wake unaonyesha ndege inageukia upande gani, karibu katika kila ndege ndogo, kuna mrija wa kioo uliopinda, tumbo limetazama chini. Umejazwa kimiminika, na humo ndani imo gololi moja nyeusi. Katikati ya mrija kuna mistari miwili ya wima. Gololi ikitulia kati ya mistari hiyo tunasema ndege inaruka kwa ulinganifu: haijilazi kuliko inavyogeuka, wala haigeuki kuliko ilivyojilaza.

Kila mwanafunzi hufundishwa mapema sana: kanyaga gololi. Ikienda kulia, kanyaga pedali ya kulia, kati ya zile mbili za miguuni zinazogeuza usukani wa mkia. Ikienda kushoto, kanyaga ya kushoto. Ushauri huo ni sahihi, na mimi huutoa kila siku ya mafunzo. Lakini gololi iliyotoka katikati ni kama homa. Inakwambia kuna jambo, haikwambii ni jambo gani. Nimeona wanafunzi wanaokanyaga vizuri kabisa, gololi inarudi, kisha dakika mbili baadaye imetoka tena, na wanaendelea kuikimbiza hivyo hadi wanatua, hawajui hata mara moja kwa nini ilitoka. Mwongozo huu ni wa kumsaidia rubani afike kwenye chanzo.

Gololi inapima nini hasa

Wengi hudhani gololi inapima jinsi pua ilivyokaa kando ya upepo. Sivyo. Gololi inaonyesha uzito umeegemea wapi. Ndege ikienda moja kwa moja mabawa yakiwa sawa, uzito unashuka sakafuni na gololi inatulia chini kabisa ya mrija. Ukianza kukata kona unaongezeka msukumo wa kwenda nje, ule ule unaokubana kwenye mlango wa gari dereva anapokata kona kwa kasi. Ukiilaza ndege kiasi kinachostahili kona ile, uzito na msukumo vikijumlishwa vinaelekea tena sakafuni sawasawa. Ungekuwa na bilauri ya maji juu ya dashibodi, maji yasingeinama upande wowote, hata kama upeo wa macho unaonekana umepinduka dirishani.

Ndege ikijilaza zaidi ya inavyogeuka, gololi inaporomoka kuelekea bawa la chini. Hapo ndege inateleza. Ikigeuka zaidi ya ilivyojilaza, gololi inatupwa nje ya kona. Hapo inaserereka. Maneno haya mawili yashike vizuri, maana huko mbele moja ni usumbufu na jingine linaweza kuua.

Gololi peke yake haiwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo mawili. Gololi ikiwa kulia na kona ni ya kulia, unateleza. Gololi ikiwa pale pale kulia lakini kona ni ya kushoto, unaserereka. Ndiyo maana waliobuni geji hii waliiweka pamoja na mshale wa mgeuko, nawe usome vyote viwili kwa mtazamo mmoja.

Kabla hujagusa pedali, jiulize: hali hii imeanza lini? Injini ilikuwa na nguvu kiasi gani? Na miguu yangu iko wapi sasa hivi? Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Mara nyingi sana jibu ni kwamba mguu mmoja umelalia pedali tangu ndege iondoke ardhini na mwenye mguu hajui. Ukiwa kwenye kimo salama, shusha miguu yote miwili sakafuni kwa sekunde kumi, uangalie gololi inafanya nini. Jaribio hili halina gharama, na limenitatulia nusu ya malalamiko ninayoletewa.

Dalili: gololi inakwenda kulia wakati wa kupaa

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote kwenye ndege ya injini moja ambayo propela yake, ukiitazama kutoka kiti cha rubani, inazunguka kufuata mwelekeo wa saa. Injini ikiwa na nguvu nyingi na kasi ikiwa ndogo, pua inavutwa kushoto kwa sababu kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Hewa inayosukumwa na propela inajizungusha kama kamba kuuzunguka mwili wa ndege na kuupiga mkia upande wa kushoto. Pua ikiwa imeinuliwa, upande wa propela unaoshuka, yaani wa kulia, unaikata hewa kwa pembe kubwa kuliko upande unaopanda, kwa hiyo unavuta zaidi. Injini nayo, inapoizungusha propela upande mmoja, inausukuma mwili wa ndege kujilaza upande wa pili.

Dawa ni mguu wa kulia, kiasi cha kuirudisha gololi, na uendelee kuushikilia. Kosa ninaloliona ni mwanafunzi kukanyaga vizuri wakati wa kuondoka, kisha mguu unalegea polepole kwa sababu pua imefunika upeo wa macho na hana tena kitu cha kumwonyesha kwamba inasogea. Anahisi ndege inakwenda kushoto, anarekebisha kwa usukani badala ya mguu, analalia kulia kidogo, na ndege inapaa ikiwa imekaa upande. Dira haibadiliki, kwa hiyo anaamini mambo ni mazuri. Wakati huo ubavu wa ndege unasukuma hewa bure, na nguvu ambayo ingewapandisha inapotea. Kwenye barabara fupi ya kurukia yenye miti mwishoni, hasara hiyo inaonekana kwa macho.

Uthibitisho ni rahisi. Inamisha pua, acha kasi iongezeke, punguza nguvu. Gololi ikirudi yenyewe, chanzo ni propela. Isiporudi, ruka hadi kwenye dalili ya gololi iliyotoka katika safari tambarare.

Katika ndege nyingi za aina hii, ukiondoa nguvu na kuanza kushuka, gololi inakwenda kushoto. Mafundi wameupanga mkia uwe sawa kwenye kasi ya safari, kwa hiyo kupaa kunadai mguu wa kulia na kushuka kunadai kidogo wa kushoto. Hiyo si hitilafu. Na zipo ndege ambazo propela yake inazunguka kinyume, kama Tiger Moth na Yak-52. Huko geuza kila nilichosema hapa juu, mguu wa kulia uwe wa kushoto.

Dalili: gololi inaruka pembeni unapoanza kona, kisha inarudi

Unageuza usukani kulia. Eleroni ya bawa la kushoto, yaani kibapa cha nyuma ya bawa kinachofuata usukani wa mkononi, inashuka, bawa hilo linapata nguvu zaidi ya kuinua, linapanda. Lakini hewa haitoi cha bure: bawa linaloinua zaidi linaburutwa nyuma zaidi pia. Kwa hiyo wakati ndege inajilaza kulia, pua inavutwa kushoto. Kwa muda mfupi unakuwa umelalia upande mmoja na pua imetazama mwingine, na gololi inaporomoka ndani ya kona.

Ndugu Wright walikutana na jambo hili kwenye glaida yao, ndege isiyo na injini, ya mwaka 1902. Walianza na mkia wa wima usiosogea, ndege ikawashinda kwenye kona, ndipo wakaufanya usogee na kuuunganisha na kamba za kupinda mabawa. Mguu na mkono kufanya kazi pamoja, ambako leo tunakufundisha kwa saa nyingi, kwao kulikuwa kamba moja iliyovutwa kwa nyonga.

Dawa: mguu uingie pamoja na mkono, kwa kiasi kinacholingana na mkono. Ukigeuza usukani sana, kanyaga sana. Ukiugeuza kidogo, kanyaga kidogo. Na hapa ndipo pana kosa la pili, lililojificha ndani ya la kwanza. Ndege ikishafika kwenye mlalo unaoutaka, unarudisha usukani katikati, na wakati huo huo mvuto ule wa kinyume unakoma. Mguu nao lazima urudi. Mwanafunzi anayeubakiza pale anaanza kona akiteleza na anaiendeleza akiserereka. Gololi inavuka kutoka ndani kwenda nje, naye anabaki kuilaumu geji.

Zoezi ninalolipenda: chagua kitu mbali kwenye upeo, kilima au wingu, uweke pua hapo. Laza ndege kushoto, kisha kulia, tena kushoto, bila kusimama, pua isibanduke kwenye kitu hicho. Usiangalie gololi hata kidogo. Mara chache za mwanzo pua itachora umbo la tarakimu nane angani. Siku itakapobaki mahali pamoja, miguu yako imeelewa, na gololi utaiona imetulia bila kuitafuta. Gololi ni shahidi anayechelewa kidogo. Pua ndiyo inayokwambia jambo linapotokea. Wanaorusha glaida wanalijua hili zaidi, kwa sababu mabawa yao marefu yanavuta pua kinyume kwa nguvu kubwa.

Dalili: kona za upande mmoja ni safi, za upande mwingine hazifai

Ikitokea wakati wa kupaa, ni propela tena: kona ya kulia inadai mguu wa kulia mwingi, na kona ya kushoto wakati mwingine bado inadai mguu wa kulia, jambo linalowachanganya wengi kwa sababu mkono unakwenda kushoto na mguu kulia. Ikitokea kwenye safari tambarare, mtazame rubani kabla ya kuitazama ndege. Wengi hujipinda kuikimbia kona, mabega yamenyooka na upeo badala ya kulala pamoja na kiti. Mwili ukijipinda, mguu mmoja unarefuka na kubana pedali. Kaa wima kwenye kiti, si wima na dunia.

Dalili: gololi inatupwa nje kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua

Hapa nakuomba usome polepole.

Upepo umekusukuma, umepita mstari wa barabara ya kurukia. Uko chini, unaogopa kulaza bawa zaidi karibu na ardhi. Mguu wa ndani unaingia ili kuvuta pua irudi kwenye barabara. Pua inageuka kweli, kwa hiyo unaona umefanikiwa. Lakini bawa la nje sasa linakwenda haraka kuliko la ndani, linapanda, na ndege inataka kulala zaidi. Unaizuia kwa kugeuza usukani upande wa nje. Pua inaanza kudondoka. Unaizuia kwa kuvuta usukani. Sasa miguu inasema kushoto, mikono inasema kulia, na usukani umevutwa hadi kifuani.

Nilikaa kando ya mwanafunzi mmoja mzuri, mwenye mikono tulivu, katika hali hii hasa. Ndege ilikuwa imelalia kushoto, na usukani mkononi mwake ulikuwa umegeuzwa kulia kama robo ya mzunguko. Hakuwa ameuona. Macho yake yote yalikuwa kwenye barabara. Gololi ilikuwa imebanwa kwenye ncha ya kulia ya mrija, haichezi kabisa. Nilishika usukani, nikasukuma mbele, nikaongeza nguvu, tukaondoka kwenda kuzunguka tena. Tulipotua nilimwomba aweke mikono na miguu kama alivyokuwa ameiweka kule juu, aitazame mwenyewe. Alinyamaza muda mrefu.

Hatari iko wapi? Bawa la ndani ndilo linalokwenda polepole. Eleroni yake imeshuka, kwa sababu usukani umegeuzwa nje, hivyo linaikata hewa kwa pembe kubwa zaidi. Ukiendelea kuvuta, ndilo litakalopoteza nguvu ya kuinua kwanza, yaani litaingia stoli, wakati la nje bado linainua. Ndege inapinduka kuelekea ndani, ambako tayari ilikuwa imelala, na inaanza spini, yaani kuanguka huku ikijizungusha. Kwenye kimo cha kona ya mwisho hakuna nafasi ya kuitoa.

Gololi ikiwa ndani ya kona, yaani unateleza, hali si nzuri lakini ni tofauti. Mara nyingi bawa la juu ndilo linaloanza kulegea, na ndege inaelekea kusawazika kwanza kabla ya jambo baya zaidi. Unapata muda kidogo. Ukiserereka hupati.

Ukiigundua hali hii: legeza usukani mbele, ondoa mguu wa ndani, sawazisha mabawa kwa mkono na mguu pamoja, ongeza nguvu, nenda ukazunguke tena. Usijaribu kuirekebisha ili utue hapo hapo. Na chanzo chenyewe hakiko kwenye kona. Kiko nyuma, ulipochelewa kuianza au ulipokosa kuukadiria upepo. Mzunguko unaofuata anza kona mapema.

Dalili: safari tambarare, mabawa sawa, gololi imetoka na haitaki kurudi

Swali la kwanza: inayosema uongo ni geji, au ndege kweli imekaa upande?

Anza na kiti chako. Geji ikiwa mbele ya kiti cha kushoto nawe umekaa kulia, utaiona gololi imesogea hata kama haijasogea. Inamisha kichwa hadi uitazame usoni.

Kisha ardhini. Ndege isimame mahali tambarare, matairi yamejazwa sawa, na fundi aweke pimamaji kwenye sehemu zilizotajwa na kitabu cha matengenezo. Ndege ikiwa sawa na gololi haiko katikati, geji imefungwa mshazari au dashibodi yenyewe imelegea kwenye vishikizo vyake vya mpira. Skrubu za geji zikilegezwa na kuzungushwa kidogo na fundi mwenye leseni, ugonjwa unapona hapo. Kwenye ndege za skrini, ambako hakuna mrija bali kipande kidogo kinachosogea chini ya pembetatu ya mlalo, kosa kama hilo hutokana na kifaa cha kuhisi kilichofungwa bila kusawazishwa. Kwenye Garmin G1000, mojawapo ya mifumo hiyo ya skrini, kipande hicho kikisogea upana wake mmoja ni sawa na gololi kusogea upana wake mmoja, kwa hiyo macho yaliyozoea mrija hayahitaji kujifunza upya.

Kuna jaribio la angani ninaloliamini zaidi: kipande cha uzi wa sufu, urefu wa kiganja, kilichobandikwa kwa gundi ya karatasi katikati ya kioo cha mbele. Glaida zina uzi huu daima, na hakuna geji ya bei yoyote iliyo nyepesi kuhisi kama huo. Unasoma kinyume cha gololi: gololi ikienda kulia, mkia wa uzi unapeperuka kushoto. Ikanyage gololi, ukimbie mkia wa uzi. Kwenye ndege yenye propela mbele, hewa ya propela inausumbua, kwa hiyo panda hadi kimo kizuri, punguza nguvu hadi mwisho, na ushuke taratibu. Tumia pedali kuunyoosha uzi, kisha itazame gololi. Hapa hutafuti kama ndege imenyooka. Unatafuta kama uzi na gololi vinakubaliana. Vikikubaliana, geji ni nzima na ndege ndiyo yenye tatizo.

Tatizo la ndege lenyewe lina vyanzo vingi. Mimi huanza na mafuta. Tanki moja likiwa limepungua kuliko jingine, bawa lililojaa linakuwa zito, na rubani anayelizuia kwa mguu badala ya mkono atasafiri saa nzima na gololi pembeni. Sawazisha mafuta, uangalie tena. Baadaye ndiyo uende kwenye kibati kidogo kilicho nyuma ya usukani wa mkia, kile kinachopindwa ardhini kwa mkono. Kazi yake inachanganya: kibati kikipindwa kushoto, hewa inausukuma usukani wa mkia kulia, na pua inakwenda kulia. Kwa hiyo gololi iliyo kulia daima inaponywa kwa kukipinda kushoto, kidogo sana kila mara, kisha kuruka na kuangalia. Watu hukigonga wakiisukuma ndege ndani ya banda. Kikague kabla ya kulaumu kingine.

Kama kibati kiko sawa, fundi aangalie nyaya za pedali, flapi moja (kibapa cha bawa kinachoshushwa wakati wa kutua) isiyopanda hadi mwisho, na kikinga cha gurudumu la mbele. Kikinga kilichofungwa mshazari ni usukani mwingine uliowekwa mbele ya ndege bila mtu kukusudia, na gurudumu la mbele lisilonyooka likiwa angani linafanya vivyo hivyo.

Dalili: gololi inakwama, inagonga, au kuna kiputo

Kimiminika kiko mle ili kuipunguza gololi mwendo. Kikivuja unaona kiputo juu ya mrija, na gololi inagonga huku na huku kwa kila mtikisiko. Ikikwama, kuna uchafu. Vyote viwili hugunduliwa kabla ya kuruka: ukiwa ardhini unaelekea kwenye barabara ya kurukia, kata kona kushoto, na mshale wa mgeuko uende kushoto na gololi kulia. Kata kulia, viwe kinyume. Gololi iende na kurudi kwa ulaini. Isipofanya hivyo, geji ibadilishwe, na usiingie mawinguni nayo.

Mshale unategemea jairoskopu, gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi, inayoendeshwa kwa umeme au kwa hewa, kwa hiyo unaweza kufa. Gololi haitegemei chochote. Betri ikiisha kabisa, yenyewe itaendelea kusema kweli.

Dalili: gololi iko katikati, lakini hali si nzuri

Gololi katikati haimaanishi mabawa yako sawa. Ndege inaweza kulala nyuzi 60, pua inadondoka, kasi inapanda, gololi imetulia kabisa. Rubani aliyepotea mawinguni anaweza kushuka kwa mzunguko hadi ardhini akiwa na gololi katikati na mwili unaomwambia kila kitu ni shwari. Ndiyo maana mshale. Rubani Mmarekani Charles Lindbergh alipovuka Atlantiki mwaka 1927 hakuwa na upeo bandia, geji inayoonyesha mlalo wa ndege; mawinguni na gizani alishikilia mshale na gololi pamoja.

Hali ya pili ni ndege ya injini mbili iliyopoteza moja. Ukiweka mabawa sawa na gololi katikati, ndege inateleza kuelekea injini iliyokufa. Mkia unasukumwa upande ili kuzuia pua isigeuke, na msukumo huo unaibeba ndege nzima. Inabidi ulalie injini iliyo hai, kati ya nyuzi 2 na 5, na uiache gololi ikae nusu ya upana wake upande huo huo. Aliyefundishwa kuikanyaga gololi bila kujua inapima nini atairudisha katikati, na ndege inayopaa kwa shida itaacha kupaa. Kama ndege yako ya injini mbili inaweza kubeba uzi kwenye pua, uweke: injini ikizimwa uzi utanyooka na gololi haitakuwa katikati, na utaelewa kwa dakika moja kilichonichukua mimi muda mrefu darasani.

Hali ya tatu ni spini. Ndani ya spini gololi inatupwa kulingana na mahali geji ilipofungwa, kwa hiyo usiiulize ndege inazunguka upande gani. Uulize mshale.

Dalili: gololi inatoka baada ya kuwasha otopailoti

Otopailoti nyingi za ndege ndogo zinashika eleroni na pua kupanda au kushuka, hazigusi miguu. Ukiiwasha ndege ikiwa imekaa upande, itaishikilia hivyo hivyo kwa kulalia bawa moja, na siku utakapoizima ndege itajilaza ghafla mkononi mwako. Sawazisha kwanza trimu ya mguu, kirekebishi kinachoushikilia usukani wa mkia badala ya mguu wako, kisha uwashe. Ukibadilisha nguvu ya injini, rekebisha tena.

Ukiitoa gololi kwa makusudi

Kuteleza ni chombo. Ukiwa juu mno wakati wa kutua, unalaza bawa na kukanyaga mguu wa kinyume, ubavu unaikinga hewa, na ndege inashuka bila kuongeza kasi. Kwenye upepo wa pembeni unateremsha bawa la upande wa upepo ili usisukumwe nje ya barabara. Gololi itatoka; iache. Ila geji ya kasi inaweza kukudanganya wakati huo, hasa kama tundu la kupimia shinikizo liko ubavu mmoja tu. Na tanki lenye mafuta machache kwenye bawa la chini linaweza kuinyima injini ukiteleza muda mrefu. Soma pia vibandiko vya ndege yako: baadhi ya Cessna 172 zina onyo la kuepuka kuteleza flapi zikiwa zimeshushwa.

Unapomwandikia fundi

"Gololi mbovu" haimsaidii, naye atakurudishia ndege akiwa ameandika kwamba hakuona kasoro. Mwandikie alichokosa kukiona: "Safari tambarare, kasi ya noti 100, nguvu ya kawaida ya safari, mafuta sawa kushoto na kulia, miguu sakafuni: gololi nusu kulia. Nguvu ikipunguzwa hadi mwisho, robo kulia. Uzi unakubaliana na gololi. Ardhini iko katikati."